Posa ya Bwana Shauri

Bibi yangu alikuwa akinuka. Nilimwambia hivyo usoni na yeye akicheka, maana mimi ni mjukuu wake, na baina ya bibi na mjukuu hakuna neno la kuombana radhi. Yeye huniita mume wangu, mimi humwita mke wangu, na mume akisema mkewe ananuka hajamsingizia mtu.

Kilichomnukisha ni makumbi. Nazi ikishafuliwa, lile ganda la nje lenye nyuzi watu wa bara hulitupa. Kwetu, huku chini ya Tongoni kuelekea Pangani, wanawake huyakusanya wakayafukia kwenye tope la hori, pale maji ya bahari yanapoingia na kutoka kati ya mikoko. Kila mwanamke ana mashimo yake, kayazungushia mawe na kuchomeka kijiti, na kijiti cha mtu hakiguswi hata na mwizi. Makumbi hulala humo miezi mingi mpaka yalainike. Ndipo hufukuliwa, hupondwa kwa rungu juu ya gogo mpaka ubaki usumba mtupu, na usumba husokotwa kamba. Kamba za bibi zilifunga vitanda mpaka Tanga mjini. Kaptula yangu ya skuli ilikuwa kamba. Madaftari yangu, kamba. Wali wa Ijumaa, kamba.

Harufu yenyewe siwezi kuieleza, karatasi itakataa. Niseme tu kwamba skuli waliniita Makumbi, na mwalimu alinikalisha dirishani akidai ni kwa faida ya macho yangu.

Mashimo ya bibi yalikuwa karibu na barabara kuliko ya wenzake wote. Aliyarithi kwa mama yake, na mama yake kwa mamaye. Barabara ndiyo iliyokuja baadaye ikayakuta.

Mwaka jana, nikiwa darasa la saba, Jumbe wetu alipita nyumba hadi nyumba na habari ambayo mwenyewe alikuwa hajaizoea mdomoni. Alisema Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, anakuja kutuuliza. Serikali inafikiri kukataza kufukia makumbi kwenye hori lililo karibu na nyumba na njia, kwa ajili ya harufu na mbu, lakini kabla haijakata neno inataka kujua sisi wenyewe tunasemaje.

Watu hawakuamini. Amri za serikali tulizizoea kama mvua: unaamka asubuhi, imenyesha. Ilipotaka watu wachimbe mitaro walichimba, ilipotaka mbwa wafungwe mbwa walifungwa, na mbwa wenyewe hawakuulizwa. Leo Bwana Shauri atoke Tanga, aje akae kwenye mkeka, aombe shauri kwetu? Bibi alisimamisha rungu hewani akamtazama Jumbe.

"Anakuja kuuliza au kusema?"

"Kuuliza," Jumbe akajibu. "Nimeambiwa hivyo hivyo, kuuliza."

"Basi ana adabu," bibi akasema, na akaondoka gogoni kwenda kuutafuta mkeka wake mzuri.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, na yaliharibika kwa heshima. Maana mtu mwenye adabu anapokuja kwako kuuliza kitu kilicho chako, kila mtu wa pwani anajua inaitwaje hiyo. Hiyo ni posa. Na posa ina taratibu zake. Washenga wakija unawapokea, unawalisha, unawasikiliza mpaka mwisho, unawaitikia naam, ehee, ili wajue hawasemi na ukuta. Lakini humjibu mtu siku hiyo. Ukisema ndiyo papo hapo, wataenda wakisema binti yenu ana kasoro, mlikuwa mkitafuta pa kumtupa. Ukisema hapana papo hapo umewatukana, umeonyesha hata kulifikiria neno lao hukutaka. Unasema tumesikia, mnaagana vizuri, halafu unakwenda kuwauliza shangazi, wajomba, na yule mzee wa Pangani ambaye hakuna anayempenda lakini asipoulizwa atanuna mpaka kiama. Jibu hupelekwa baadaye, kwa miguu, na watu wazima. Lini? Likishaiva.

Kwa hiyo kijiji kizima kilijiandaa kuposwa. Walichinja kuku. Walipika halua. Wazee walivaa kanzu za Idi, na mimi nilinyonyoa kuku mpaka nikaanza kupiga chafya za manyoya.

Bwana Shauri alikuja na gari lake, mtu mrefu mwekundu, soksi mpaka magotini na kofia ngumu kama chungu kilichopinduliwa. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, kila neno limepigwa pasi. Alikaa barazani kwa Jumbe pamoja na wazee. Wanawake walikaa nyuma ya ua wa makuti, wakisikia kila kitu. Sisi wa skuli tulikaa kwenye ngazi, tukijifanya wazito. Akasema siku hizi serikali haitaki kuamua mambo ya watu bila watu wenyewe. Wazee wakaitika, naam. Akaeleza mbu, akaeleza harufu, akaeleza homa. Ehee, naam. Alieleza vizuri, wallahi. Hata mimi nilianza kuwaogopa mbu wangu mwenyewe.

Kisha akauliza tunasemaje.

Kimya. Kuku mmoja aliyesalimika alipita katikati ya baraza akatutazama.

Akauliza tena: kama kuna mtu asiyekubali, asiogope, aseme. Mzee mmoja alikohoa, Bwana Shauri akamgeukia kwa matumaini, kumbe ni kikohozi tu. Kwetu kile kimya kilikuwa safi kabisa. Watu walikuwa wametulia kwa heshima, na nyuma ya ua bibi alikuwa akijisifu kimoyomoyo jinsi wanaume wa kijiji chake wanavyojua kukaa.

Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa nikiwashwa, maana skuli ni kinyume. Skuli mwalimu akiuliza na wewe usiponyosha mkono, huna jibu, na kesho anaendelea na somo lingine. Huyu bwana alikuwa na macho ya mwalimu. Mkono wangu ukaanza kupanda wenyewe. Mzee aliyekaa mbele yangu aliushika, akauteremsha polepole kama anateremsha bendera, akaendelea kuushikilia.

Bwana Shauri alingoja sana, lazima niseme haki yake. Mwishowe Jumbe akamwambia, "Tumesikia, bwana. Jibu litakuja."

"Lini?"

"Mungu akipenda."

Bwana Shauri alitabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyekwisha kuambiwa hivyo mahali pengi. Alikula halua, akashukuru, na alipokuwa anapanda gari bibi alimpelekea zawadi kwa mkono wangu: bunda la kamba mpya, nyembamba, iliyosokotwa sawasawa. Aliinusa, nadhani bila kukusudia. Akasema ni kamba nzuri sana.

Nilipomweleza bibi jioni ile habari ya kunyosha mkono, alinitazama kwa huruma. "Hiyo skuli, mume wangu. Huku ni kwa watu."

Baada ya hapo ndipo mashauri yalipoanza kweli. Sijapata kuona watu wakishauriana vile. Wanaume barazani, wanawake kwenye magogo ya kupondea, na maneno yakipita kati yao kupitia sisi watoto na kupitia vitandani, maana asubuhi mwanamume husimama barazani akatoa wazo ambalo kila mtu anajua si lake. Walimuuliza mama mwenye mguu mbovu asiyetoka nyumbani. Walimpelekea salamu yule mzee wa Pangani, akarudisha kwamba yeye hana la kusema, halafu akasema mengi. Wengine walitaka kukataa kabisa. Somo wa bibi, yaani rafiki yake wa tangu usichana, ambaye mashimo yake yalipakana na ya bibi, alisema tukikataa kabisa tutakuwa hatukumheshimu mgeni, maana mbu kweli wapo, yeye mwenyewe wamemla. Yeye na bibi waligombana, siku mbili hawakusemezana, na mimi ndiye niliyebeba moto wa jiko kati yao.

Jibu liliiva. Lilikuwa hivi: makumbi mapya yatafukiwa ng'ambo ya hori, upande ambao upepo hupeleka harufu baharini, ingawa ni mbali na wanawake watavuka kwa maji ya magotini, lakini yaliyokwisha kufukiwa yaachwe yamalize muda wake, kwa sababu kumbi likitolewa bichi halina usumba, ni takataka. Hilo la pili bibi ndiye aliyeling'ang'ania. Alikuwa ameyajaza mashimo yake yote kabla ya Ramadhani. Kila alichokuwa nacho duniani kilikuwa kwenye tope lile.

Mpeleka jibu alikuwa mshenga wetu, mzee ambaye nusu ya ndoa za kijiji zimepita kinywani mwake. Bibi akasema na yeye anakwenda, kwa sababu mashimo ya barabarani ni yake. Na kwa vile hajapata kusema na Bwana Shauri yeyote, alitaka kufanya mazoezi. Bwana Shauri nikawa mimi.

Nilichukua kawa lake, lile la ukindu analofunikia chakula, nikalivaa kichwani. Nilipandisha soksi za skuli mpaka magotini. Nilikalia kinu.

"Karibu, mama," nikasema kwa Kiswahili kilichopigwa pasi. "Sema upesi, chai yangu inapoa."

Akaanza, "Bwana wangu, sisi watu wa—"

"Hapana."

"Sijasema."

"Nimekataa kabla, kukuokolea muda."

Alinirushia kumbi. Tukaanza upya. Nilimkatalia kwa kila njia niliyoijua. Nilimkatalia nikiwa nimelala, nikiwa nimekasirika, nikiwa nimeumwa na mbu wa kwenye shimo lake mwenyewe. Majirani walikuja kutazama, na somo wake akacheka mpaka akashika ubavu. Lakini kila nilipokataa maneno yake yalinyooka, yakafupika, mpaka siku ya mwisho alisimama mbele yangu akasema yote bila kutetereka, na mimi chini ya kawa sikupata pa kumshika. Tulikuwa tayari kwa Bwana Shauri mbaya wa kila namna.

Mzuri hatukumfanyia mazoezi.

Tulitembea mpaka Tongoni, tukapata lori la katani likatufikisha mjini. Bibi alikuwa amejifukiza udi tangu alfajiri, kwa hiyo alinuka udi na makumbi kwa pamoja, na utingo wa lori alihamia juu ya mzigo. Bomani tulikaa kwenye benchi. Tarishi alitupita akienda, akatupita akirudi. Mshenga alikuwa akirudiarudia salamu zake kwa sauti ya chini. Tulipoingizwa, Bwana Shauri alisimama. Alimpa bibi kiti, akamwambia shikamoo. Bibi akajibu marahaba, na nikaona mabega yake yanateremka, anafarijika.

Pembeni ya meza palikuwa na turubai la hema limekunjwa, limefungwa kwa kamba ya bibi. Akaionyesha kwa kidole. "Naitumia kila safari," akasema. "Haijakatika."

Mshenga akaanza kama mshenga. Aliuliza hali, akauliza hali ya nyumbani, akaeleza mvua za vuli, akaeleza nazi za mwaka huu. Bwana Shauri aliitikia naam, ehee, kama alivyotusikia sisi, mpaka mzee alipolitaja neno makumbi. Hapo aliinua mkono polepole.

"Mzee, nisamehe. Jambo hili limekwisha. Amri imetiwa sahihi juma lililopita. Mtaisikia kwa Jumbe."

 Maisha yake yote mshenga hajapata kupeleka jibu la posa akakuta harusi imekwisha kufanyika.

Bibi ndiye aliyesema. "Limekwishaje, bwana, na sisi hatujajibu?"

"Nilikuja kwenu, mama. Niliuliza, tena si mara moja. Hakuna aliyekataa."

"Wala hakuna aliyekubali."

Akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, alifikiri kweli. "Ndiyo," akasema. "Lakini hakuna aliyekataa."

"Bwana wangu, nikija kwako kumposa binti yako, utanijibu kikombe kingali mkononi?"

"Sina binti, mama."

"Ndiyo maana," bibi akasema.

Bwana Shauri alicheka, si kwa kejeli. Alimwita karani akamwambia ayaandike maneno yetu, ya ng'ambo ya hori na ya makumbi yaliyomo topeni, na karani akaandika yote, hata mvua za vuli. Bwana Shauri akasema wazo la ng'ambo ni zuri, litakumbukwa siku amri itakapotazamwa tena. Bibi akauliza siku hiyo ni lini. Akasema hawezi kutaja, si yeye peke yake. Bibi akaomba basi hayo ya topeni tu, yaachwe yaive, hayamdhuru mtu. Akasema angependa. Akasema amri haina mlango wa namna hiyo. Kila alichoombwa alikisikiliza mpaka mwisho, akasikitika, akakirudisha pale pale kilipotoka, na bibi, niliyemzoeza kukataliwa na watu wakali, hakuwa na neno la kumjibu mtu anayesikitika. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti. Nilitafuta mzaha hata mmoja. Nilikuwa nayo mingi asubuhi.

"Mara nyingine," Bwana Shauri akasema akitusindikiza mlangoni, "semeni siku ile ile."

Katika kurudi, tulipofika Tongoni, mshenga akasema, "Hata chai hakutupa," halafu akaona haya, kwa kuwa bwana yule hakuwa mchoyo na yeye anajua.

Amri ilibandikwa nyumbani kwa Jumbe. Mashimo yafukuliwe kabla mwezi haujaandama tena. Yatakayokutwa yatafunikwa mchanga na watu wa afya. Jumbe aliisoma akiwa ametazama chini. Ilianza kwa kusema kwamba watu wa hapo wamekwisha kuulizwa. Hilo ndilo lililomchoma bibi kuliko lingine lolote. "Wangenipiga tu," alisema. "Kwa nini waseme waliniuliza?"

Tulifukua pamoja, yeye na mimi na somo wake, maji yakiwa yametoka. Ng'ombe akichinjwa kabla ya kuzaa, ndani kunakuwaje? Ndivyo yalivyokuwa. Magumu, mekundu, hata harufu yenyewe haijatimia. Bibi alijaribu kuyaponda. Aliponda siku ya kwanza, akaponda ya pili, rungu likiruka kama limepigwa jiweni, na kilichotoka ni vumbi na vipande vifupi ambavyo havisokoteki hata kwa kufungia mzigo wa kuni. Nilimwambia aache. Akaniambia nikasome. Tukayachoma jikoni, yakatoa moshi mwingi na moto kidogo.

Kuhusu ng'ambo ya hori, Jumbe alisema amri inataja hori lote, na ng'ambo ni hori. Watu walimtazama. Akasema yeye siye aliyeandika. Kweli siye.

Kisha somo wa bibi akahamia Moa kwa mwanawe. Bibi akaanza kusuka mikeka ya ukindu, kazi ambayo haijui vizuri, na mikeka yake ina kona moja iliyopinda ambayo mimi huiita kibla. Siku hizi hanuki. Skuli wameacha kuniita Makumbi, mwalimu amenirudisha katikati ya darasa, na kaptula yangu ni ile ile ya mwaka jana, imepanda mpaka mapajani, nikikaa lazima nikae kwa mahesabu. Mwaka ujao, kama nitasoma au sitasoma, ni neno ambalo bibi na mimi hatulitaji, kila mmoja akidhani mwenziwe hajalifikiria.

Juzi, baada ya alasiri, aliniita uani. Alikuwa amekwisha kupakua, chakula kiko chini ya kawa.

"Livae," akasema.

"Nini?"

"Kawa. Kalia kinu. Ile siku sikusema vizuri."

Nikalivaa. Soksi sina tena, zimekwisha. Nikakalia kinu, na bibi akasimama mbele yangu, akajifunga khanga yake upya, akasema yote tangu mwanzo: hori, upepo, makumbi yaliyomo topeni, yaachwe tu yaive. Hakukosea neno. Sauti haikutetereka. Alipomaliza akangoja, mikono ameishika mbele, na uso wake ulikuwa ule ule aliokuwa nao Bomani kabla mshenga hajakatizwa.

Nilikuwa na jibu la mzaha mdomoni. Nikalimeza.

"Nimekubali, mama," nikasema. "Yaache yaive."

 Akaja akanivua lile kawa kichwani, akalikung'uta, akalirudisha juu ya wali.

"Wewe si serikali," akasema. "Nawa mikono, mume wangu, ule."